Sevisi ya pikipiki: kwa wakala, kwa fundi wa steji, au ujifanyie mwenyewe?

Mpakani_Busia
Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Nina Boxer 150, niliinunua mpya, nabeba abiria hapa Busia, upande wa Uganda, na vijiji vya jirani. Sevisi ya kwanza niliifanya kwa wakala wa kampuni kule Mbale kwa sababu kitabu cha waranti kinataka muhuri. Majuzi nimerudi tena, na risiti imesoma hivi, kwa shilingi za Uganda: oili 30,000, filta ya oili 12,000, plagi 12,000, ufundi 15,000, na kitu wanachokiita "vifaa vidogo" 5,000. Jumla 74,000.

Fundi wa steji yetu, hapa tunapoegesha boda, ananiambia kazi hiyohiyo ni 42,000: oili 22,000, filta 8,000, plagi 7,000, mkono wake 5,000. Na kuna jamaa hapa anafanya kila kitu mwenyewe nyuma ya nyumba, anasema sisi wengine tunatupa hela.

Nishike ipi? Waranti bado ina miezi.

Boxa_Wandegeya
Fundi wa steji, mjadala umekwisha. Kwa wakala utakaa kwenye benchi tangu asubuhi mpaka njaa ikuume, pikipiki zimepangwa foleni, na wa kukueleza kinachoendelea haonekani. Hiyo siku nani anakulipa? Hapa Kampala fundi anamwaga oili nikiwa nakunywa chai, chapati haijaisha nimeshapata abiria.

Fundi_Ndeeba
Boxa, pole na njaa, lakini turudi kwenye hesabu ya kaka wa Busia maana watu wengi wanaisoma vibaya.

Tofauti ya risiti hizo mbili ni 32,000. Ukiitazama haraka utasema wakala anakula kwenye ufundi. Sasa ondoa ufundi na hivyo vifaa vidogo: kwa wakala spea peke yake ni 54,000, kwa steji ni 37,000. Kwa hiyo 17,000 katika ile 32,000, zaidi ya nusu, ni bei ya spea. Hujalinganisha wakala na fundi. Umelinganisha oili ya 30,000 na oili ya 22,000, filta ya 12,000 na ya 8,000.

Fanya hivi kwenye karatasi: nunua spea zote orijino pale kaunta ya wakala, 54,000, kisha mpe fundi wa steji elfu tano yake. Ni 59,000. Ukijifanyia mwenyewe kwa spea hizohizo ni 54,000. Yaani kwa kushika spana mwenyewe umeokoa elfu tano. Wazungu wanaosifia kujifanyia wanaishi mahali ambapo saa moja ya fundi ni ghali kuliko oili yenyewe. Kwetu mkono wa fundi ndio kitu rahisi kuliko vyote kwenye risiti. Mimi ni fundi, nalijua hilo kwa uchungu.

Kwa hiyo swali la kuuliza ni moja: nani unamwamini kwa spea, na nani atakaza nati ya oili bila kuua nyuzi?

Mpakani_Busia
Mzee Fundi, hapo umenifungua. Ila ongeza na mafuta ya kwenda Mbale na kurudi, pamoja na nusu siku ya kazi. Nikiziweka hizo, wakala anapita laki kirahisi.

Mama_Bodambili
Niwape upande wa mwenye mali. Nina pikipiki mbili, TVS na Boxer, vijana wananiletea pesa kila Jumapili. Sevisi nilikuwa nawapa hela mkononi. Oili ikawa "imebadilishwa" kila mara, lakini ukitoa kijiti cha kupimia oili unakuta uji mweusi unaonuka kuungua. Hela ilikuwa imebadilishwa, hiyo nakubali.

Siku hizi oili naitunza mimi, dukani nanunua mimi, na kijana anaimimina mbele yangu. Kazi ya spana anafanya fundi jirani. Kwa mtu kama mimi kujifanyia maana yake ni kusimamia, hata kama sijachafua mkono. Pia naandika kilomita kwenye daftari, maana boda inayokimbia kilomita 100 kwa siku inamaliza 3,000 kwa mwezi. Mtu wa kwenda kazini na kurudi anazipata kwa nusu mwaka. Ukiambiwa "badilisha kila baada ya miezi kadhaa", hiyo haikuandikwa kwa ajili ya boda.

Na chupa tupu, jamani! Itoboe kabla hujaitupa. Kuna watu wanaziokota zikiwa safi na kifuniko chake, wanajaza oili iliyochujwa, inarudi dukani.

Fundi_Ndeeba
Mama kaongea. Oili feki ndiyo inayoua injini za boda, kuliko hata vumbi. Angalia karatasi ya ndani ya kifuniko kama haijaguswa, angalia alama ya UNBS, shirika la viwango la Uganda, na uwe na duka moja unalolijua. Halafu soma maandishi: oili ya pikipiki yenye klachi inayolowa oili inatakiwa iwe na JASO MA au MA2, hicho ni kipimo cha Kijapani cha oili za pikipiki. Ukimimina oili ya gari ya kuokoa mafuta, ile yenye dawa za kupunguza msuguano, klachi inaanza kuteleza. Unavuta mafuta, injini inapiga kelele, pikipiki haiendi. Mtu anakimbilia kununua sahani za klachi wakati ugonjwa uko kwenye chupa.

Kwa wanaotaka kujifanyia, kazi yenyewe ni hii. Washa injini dakika chache ili oili ipate moto kidogo, isiwe ya kukuunguza. Simamisha kwenye stendi ya katikati, weka beseni, fungua nati ya chini. Usiondoke hapo ukaenda kupiga soga: tazama oili inavyotoka. Toa chujio la waya, lisafishe kwa mafuta ya taa, kisha pitisha kidole ndani. Unga mwepesi wa kijivu ni kawaida. Vipande vinavyong'aa vyenye ncha, simama hapo, hiyo haiitwi sevisi tena.

Ile washa, yaani kipete cha chini ya nati, ni ya shaba au alumini, inajibana mara moja, weka mpya. Bei yake ni kama peremende. Kaza nati mpaka ishike, kisha robo ya mzunguko hivi, basi. Bloku ni alumini, nati ni chuma. Anayening'inia kwenye spana anakuja kwangu baadaye na nyuzi mkononi, na kazi ya kuweka nyuzi mpya inakula akiba yote ya mwaka. Ukishajaza, washa kidogo, zima, subiri oili ishuke ndipo upime. Na soma kitabu: pikipiki nyingi kijiti cha kupimia hakikazwi wakati wa kupima, kinaingizwa tu na kuachwa kikae juu ya tundu. Ukikikaza kinasoma oili nyingi kuliko iliyomo.

Boxa_Wandegeya
Sawa fundi, lakini wewe unaongelea mafundi wazuri. Hapa jirani yupo mmoja anafungua kila nati kwa plaizi na nyundo.

Fundi_Ndeeba
Huyo namjua, ndiye anayeniletea wateja.

Zahanati_Arua
Salamu kutoka kaskazini. Mimi siendeshi abiria, natumia Yamaha AG 100 ya kazini kwenda vijijini. Ofisi inalipa kwa wakala, muhuri na risiti, sina ubishi na hilo. Lakini wakala yuko mbali na barabara ni murram mwanzo mwisho, kwa hiyo katikati ya sevisi najitegemea. Naona mnaongea oili tu. Vumbi je?

Chujio la hewa ndilo la kujifanyia hata kama huna uwezo mwingine. Kama ni la sponji, lioshe kwa mafuta ya taa, likamue kwa kubana kwa viganja, usilisokote kama nguo maana linachanika, liache likauke, kisha lipake oili kidogo na ulikamue tena. La karatasi halioshwi: lipulize kutoka ndani kwenda nje, likichoka nunua jipya. Kiangazi mimi nalitazama kila wiki. Fundi wa mjini hataliona vumbi la kwako, analiona la siku uliyompelekea.

Cheni ya AG imefunikwa kabisa, inadumu. Za Boxer na TVS nyingi ninazoziona huku ziko wazi, zinakula mchanga. Hiyo ya cheni nayo ni kazi ya nyumbani: brashi, mafuta ya taa, kitambaa, kisha oili nzito ya gia. Dakika ishirini.

Mpakani_Busia
Dokta, cheni yangu nikiivuta sehemu moja inalegea, nikizungusha tairi sehemu nyingine imekaza. Nikaze kwa ipi?

Fundi_Ndeeba
Kwa pale ilipokaza zaidi. Pima mchezo wake hapo, kati ya sentimita mbili na tatu kwa pikipiki nyingi za aina hii, kitabu ndicho cha mwisho. Ukipima palipolegea ukakaza, ile sehemu ngumu itavuta beringi ya gia mpaka ianze kulia. Hakikisha alama za pande zote mbili za ekseli zinalingana, la sivyo tairi litakaa upande. Ila cheni yenye tabia hiyo imechakaa. Ibadilishe pamoja na sproketi zote mbili. Cheni mpya juu ya meno yaliyochongoka kama papa haifiki mbali.

Mama_Bodambili
Na waranti? Mbona mmeikimbia?

Fundi_Ndeeba
Sijaikimbia, nilikuwa na mteja. Kaka wa Busia, waranti ikiwa hai, mimi ningekwenda kwa wakala kwa zile sevisi ambazo kitabu kinataka muhuri, hata kwa hiyo laki. Risiti unaweka. Injini ikipasuka ndani ya muda, maneno ya kwanza utakayosikia ni "leta kitabu". Katikati ya mihuri, oili unaweza kuibadilisha mwenyewe mapema zaidi ya wanavyosema, mimi kwa boda sivuki kilomita 2,000. Nunua filta palepale kaunta ukiwa umekwenda, chukua mbili tatu, utunze.

Muhuri wa mwisho ukishapigwa, hapo wakala anabaki kuwa duka la spea.

Boxa_Wandegeya
Kwa hiyo nilikuwa sahihi, fundi wa steji.

Mama_Bodambili
Wa steji mwenye oili uliyonunua wewe. Soma vizuri, mwanangu.

Boxa_Wandegeya
Haya mama. Kuna mwenzetu amehamia pikipiki ya umeme, anatucheka kwa hii mijadala ya oili. Lakini jana nilimkuta amejikunja anakaza cheni, na breki pedi zimekwisha.

Mpakani_Busia
Asanteni wote. Nimeamua: muhuri Mbale mpaka waranti iishe, oili ya katikati na cheni nafanya mwenyewe, chujio la hewa kila wiki kama alivyosema dokta. Oili chafu nayo niipeleke wapi? Huku watu wanamwaga mferejini.

Zahanati_Arua
Usimwage, maradhi ya maji hayo ndiyo tunayoyatibu huku. Jaza kwenye jerikeni. Mafundi seremala wanaichukua kupaka nguzo ili mchwa wasizile.

Mpakani_Busia
Safi. La mwisho, mzee Fundi: tapeti, ile nafasi ya vali. Zinagonga asubuhi kidogo. Nijaribu?

Fundi_Ndeeba
Zinazogonga kidogo zisikutishe, zilizokaza kabisa ndizo mbaya: vali ya moshi haifungi vizuri inaungua. Tapeti zinapimwa injini ikiwa baridi kabisa, asubuhi kabla hujawasha, pistoni ikiwa juu kwenye mgandamizo, alama ya T ikae kwenye tundu. Kipimo kiko kwenye kitabu na ni sehemu ya kumi ya milimita au chini yake, kwa hiyo usijaribu kwa wembe kama wanavyofanya huko steji. Nunua geji ya tapeti. Ukija Kampala pita Kisekka, kwenye maduka ya spea. Mara ya kwanza fanya na mtu anayejua akiwa pembeni. Tuma picha ya kitabu chako, ule ukurasa wa vipimo, tuone wameandika ngapi.

Mpakani_Busia
Kitabu kiko kwa mwenzangu wa steji, alikiazima. Naituma jioni.