Mjadala: Env ishinde faili la mipangilio? Na tuliandikie jaribio?

Kinu_cha_Kodi: Wakuu, ofisini tumegawanyika. Tuko Spring Boot, ule mfumo wa kujengea programu za Java. Mipangilio imo kwenye application.properties, ila ukiweka SPRING_DATASOURCE_URL (anwani ya hifadhidata) kwenye env ya seva, yaani thamani zinazowekwa kwenye mfumo nje ya faili, env inashinda. Mimi nataka majaribio mawili ya kodi kuhakiki hilo: faili peke yake, kisha faili na env kwa pamoja. Mwenzangu anasema huko ni kuipima Spring yenyewe, si kazi yetu. Mnasemaje?

Mzee_wa_Terminali: Mwenzako yuko sahihi. Nyie vijana wa kozi za wiki sita kila kitu mnataka jaribio.

DadaSeva: Kozi za wiki sita zimeingiaje hapa? Mimi nimepita huko, na seva mnazoangusha Ijumaa jioni nazifufua mimi.

MpitaNjia: 😂😂 Ijumaa hiyo ina mwenyewe.

Mzee_wa_Terminali: Nimerusha jiwe gizani, nikasikia yowe.

Chumvi2: Ule mwongozo wa kampuni ya Heroku wa kanuni 12 za kujenga programu, wa 2011 kama sikosei, ulishasema mipangilio ikae kwenye env. Mjadala umefungwa.

DadaSeva: Ulisema ikae, haukusema isipimwe. Kila kilichomo kwenye env ni maandishi tu. Andika DEBUG=false, halafu kwenye Python uipitishe bool() ya kugeuza kuwa kweli au si kweli: unapata True, maana maandishi yoyote yenye herufi huhesabiwa kweli. Umezima, kumbe umewasha.

Mzee_wa_Terminali: Nani anaandika hivyo? Mwaka wa kwanza chuoni tu unalijua hilo.

DadaSeva: Chuo gani mzee? Kitaje, na somo.

Kinu_cha_Kodi: Jamani, swali langu…

Fundi_Go: Mkuu, pima, ila usafishe. Jaribio likiacha env chafu, la pili linafeli bila kosa. Kwenye lugha ya Go tuna t.Setenv ya kuweka env ndani ya jaribio, inarudisha thamani ya zamani yenyewe, na inagoma kabisa kwenye majaribio yanayokwenda sambamba.

Chumvi2: Na kwenye Spring ukipitisha --server.port (namba ya mlango wa seva) kwenye amri ya kuwasha, hata env inapigwa chini. Hilo nalo mtaliandikia?

Kinu_cha_Kodi: Ndiyo.

Mzee_wa_Terminali: Mnaona? Ndiyo maana mimi nikiajiri naangalia digrii kwanza.

DadaSeva: Na digrii zenu ndizo zinazoweka nywila ya hifadhidata ndani ya faili, kisha zinaipandisha Git, kwenye hifadhi ya kodi.

Mzee_wa_Terminali: Dada, chunga mdomo. Nina miaka mingi kwenye kazi hii.

MpitaNjia: Mzee, umesema unaajiri? Nina digrii, nitume wapi CV?