Vifaa vya kale vya jiko la chuma: nitatambuaje vilivyo halisi, na nivisafishe vipi?

Mgeni wa Kutu

Nawasalimu nyote. Kwa takriban mwaka mmoja nimekuwa nikikusanya vifaa vya majiko ya chuma ya zamani, yale ya kuni na makaa ya mawe: beleshi za majivu, vyuma vya kuchochea moto na vishikio vya kuinulia vifuniko vya jiko. Hivi karibuni nimenunua sanduku lenye vitu kadhaa, ikiwamo pasi ya kupashwa moto juu ya jiko, yenye kofia ya chuma inayofunika kiini chake na tarehe ya hataza (hati ya kulinda uvumbuzi) ya Marekani, 22 Mei 1900. Vimo pia vishikio viwili vya muundo mmoja, lakini kimoja maandishi yake yamefifia na uso wake una chembechembe kama mchanga, nami nakitilia shaka.

Naomba pia ushauri wa kusafisha. Kishikio cha tatu, chenye mpini wa waya uliosokotwa, nilikisugua kwa brashi ya waya iliyofungwa kwenye drili, na kabla sijatambua nilichokuwa nikifanya, nikeli ilikuwa imebanduka upande mzima.

Fundi Mstaafu

Ndugu, pole kwa nikeli hiyo. Hairudi ila kwa kupakwa upya, na kishikio kilichopakwa upya hakina tena thamani ileile machoni pa wakusanyaji. Mpini wa waya ulibuniwa ili hewa ipite katikati na joto lisifike mkononi upesi, ndiyo maana baadhi ya vishikio hivyo viliandikwa neno Alaska, kana kwamba baridi ya huko imo mpinini.

Kuhusu tarehe, chukua kalenda. Marekani imekuwa ikitoa hataza siku ya Jumanne tangu katikati ya karne ya 19, na 22 Mei 1900 ilikuwa Jumanne. Vivyo hivyo 4 Aprili 1871, siku Mary Florence Potts alipopewa hataza ya pasi yenye mpini wa kuchomoa, muundo ulioenea sana baadaye. Tarehe ya enzi hizo isiyoangukia Jumanne ingenifanya nirudishe kifaa mezani kwa muuzaji. Hata hivyo, tarehe sahihi haithibitishi umri, kwanza kwa sababu huonyesha tu kwamba kifaa hakikutengenezwa kabla yake, na pili kwa sababu mwigaji huchukua kifaa halisi, akakifanya kielelezo cha kalibu, na maandishi yote yakahamia kwenye nakala.

Hapo ndipo rula inapofaa kuliko jicho. Chuma kinachomiminwa kwenye kalibu husinyaa kwa karibu asilimia 1 kinapopoa, kwa hiyo nakala huwa ndogo kidogo kuliko mama yake. Vipime vishikio vyako viwili. Chembechembe na maandishi yaliyofifia ni dalili mbaya, na ukiona pia alama za mashine ya kusagia kwenye kingo, mimi nisingekuwa na shaka tena.

Mlinzi wa Majivu

Kabla ya rula, naomba uiache pasi hiyo ilivyo. Tarehe uliyoitaja ni ya pasi za Dover Manufacturing Company ya Ohio, na kofia yake ina bitana ya asbesto, madini ya nyuzinyuzi ambayo vumbi lake ni hatari kwa mapafu; kampuni hiyo iliitangaza asbesto katika jina la pasi yenyewe, kwani wakati ule ilionekana kuwa sifa. Usiikwangue, usiipulize, wala usiipigie brashi. Ifunge ndani ya mfuko wa plastiki, na kama bitana imeanza kumomonyoka, sioni sababu ya kuiweka nyumbani.

Kwa chuma kitupu chenye kutu, mimi hutumia elektrolisisi, yaani kuondoa kutu kwa umeme ndani ya maji: ndoo ya plastiki, maji yenye magadi ya kufulia, na chaja ya betri ya gari. Waya hasi hufungwa kwenye kifaa, na waya chanya kwenye kipande cha chuma cha kawaida kisicho na kazi. Kipande hicho kisiwe chuma cha pua, maana huacha sumu ya kromiamu majini, na kazi ifanyike nje kwa kuwa hutoa gesi ya hidrojeni inayowaka. Kifaa chenye nikeli kisiingie humo kabisa. Kitambaa, maji ya sabuni na subira vinatosha.

Mgeni wa Kutu

Nawashukuru sana. Pasi imo ndani ya mifuko miwili, nje ya nyumba. Vishikio nimevipima: kizuri kina milimita 203, na kile nilichokishuku kina 201. Kingo zake nimezitazama kwa kioo cha kukuzia, na mikwaruzo ya mashine imo.