Matapeli wanajua kilo zetu za korosho kabla hatujalipwa. Nani anawapa orodha?

Wakuu, nimekasirika na sitaficha.

Kila msimu wa korosho ukifunguliwa huku Newala, mkoani Mtwara, tunaambiwa yaleyale: wakulima, kuweni makini na matapeli. Redio inasema, viongozi wa chama cha ushirika wanasema, watu wa benki wanasema. Hakuna hata mmoja anayejibu swali langu: tapeli amejuaje kilo za mkulima?

Mama yangu mdogo alipigiwa simu wiki ileile malipo ya mnada yalipokuwa yanaingia. Mpigaji alimwita kwa majina yote matatu, akamtajia chama chake cha msingi, akamtajia na kilo alizopeleka ghalani, daraja la kwanza kiasi gani na la pili kiasi gani. Akamwambia kuna nyongeza ya bei imepitishwa, ila akaunti yake haijahakikiwa, afuate maelekezo haraka pesa isije ikarudi. Mama mdogo si mjinga. Amesomesha watoto kwa mikorosho ya marehemu mumewe. Aliuliza maswali, na kila alichouliza kikajibiwa sawasawa. Akabonyeza alichoambiwa, akaweka namba ya siri, pesa ya msimu mzima ikahama.

Msije hapa na "kwa nini alitoa namba ya siri?" Mkulima wa kusini amezoeshwa maneno haya na watu halali! Stakabadhi ghalani, yaani mfumo wa kuweka mzigo ghalani, kupewa stakabadhi na kusubiri mnada, ilipoanza kwenye korosho mwaka 2007 tulilipwa kwa mafungu: malipo ya kwanza, malipo ya pili, na majaliwa, yaani bakaa ya mwisho ikipatikana. Mwaka 2013 kule Liwale nyumba zilichomwa moto kwa sababu malipo ya pili yalikuja pungufu. Mwaka 2018 Serikali ikatangaza kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likasomba mzigo, kisha zikaja timu za uhakiki na watu wakasubiri hela zao hadi mwaka uliofuata. Leo mtu akipiga na kusema "nyongeza", akasema "uhakiki", bibi wa Kitangari anasikia maneno aliyoyasikia miaka yote kutoka ofisini. Tapeli hakubuni kitu.

Sasa turudi kwenye orodha. Kwetu orodha ya malipo inabandikwa kwenye mlango wa ofisi ya chama: jina, kilo, akaunti, namba ya simu. Mpita njia yeyote anapiga picha na kuondoka. Uwazi tunautaka, tena tuliupigania, maana tumeibiwa sana kwenye mizani. Lakini ili nijue kama nimepunjwa nahitaji kuona kilo, bei na makato. Namba ya simu ya mjane inabandikwa ya nini? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo tangu mwaka 2022, na Tume yake ipo. Nimemuuliza katibu wa chama kama anaifahamu, akaniambia niache siasa.

Polisi walitupa RB, ile namba ya kumbukumbu ya taarifa yetu, basi. Mtandao wa simu ukasema pesa ilishatolewa. Laini iliyotumika imesajiliwa kwa jina la mtu wa mkoa wa mbali, ambaye huenda hata hajui kama anaimiliki. Hili nalo liangaliwe, kwa sababu vijana wa kusajili laini wanapita vijijini, mtu anaweka kidole, anaambiwa "rudia, haijasoma", anarudia, na tayari ana laini ya pili iliyo mfukoni mwa mwingine. Pigeni *106# muone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chenu. Waangalizieni na wazee wenu.

Kuna mengine yanajulikana na yanasaidia. Namba ya tapeli inatumwa kwa ujumbe mfupi kwenda 15040. Watoa huduma wa mitandao wanakupigia kwa namba 100 tu, si kwa namba ya kawaida. Benki haikuulizi namba ya siri, na bei ya mnada ikishapitishwa inatangazwa mbele ya wakulima, haiongezwi kwa simu ya mtu mmoja usiku. Nayasema haya kwa sababu mnada ujao uko karibu na kuna wazazi wa watu watapigiwa. Lakini sikubali yawe ndiyo jibu lote, kwamba mzee wa shambani ajilinde mwenyewe huku taarifa zake zimeanikwa mlangoni.

Ninachotaka ni hiki. Namba za simu na akaunti zitoke kwenye orodha za kubandikwa, kuanzia mnada ujao. Ijulikane nani ana nakala ya daftari la wakulima: katibu, karani wa mizani, mtu wa ghala, mtu wa benki. Mama mdogo alipigiwa na mtu anayejua mgawanyo wa madaraja, na kwenye karatasi ya mlangoni madaraja hayapo, kuna jumla tu ya kilo. Kwa hiyo aliyetoa taarifa hizo ni mtu wa ndani.

Walioko Tandahimba, Masasi, Ruangwa na Nachingwea, semeni: kwenu orodha inabandikwa ikiwa na taarifa zipi? Na kama kuna aliyepigiwa akatajiwa madaraja, aandike jina la wilaya na tarehe, tuupeleke ushahidi huu kwa Mrajis wa Vyama vya Ushirika ukiwa mmoja.