Chakula cha msimu shambani: nyumba yenye menyu moja au yenye kuchagua?

Kijana_wa_Mwisho
Wakuu, salaam. Wazazi wetu wanatimiza miaka 40 ya ndoa, na sisi watoto tumekubaliana kuwapeleka wakale nje ya mji kwenye nyumba ya wageni ya shambani, zile zinazopika vya msimu na vya jirani tu. Nimechuja hadi nimebaki na mbili.

Ya kwanza haina cha kuchagua. Mnakaa, zinakuja sahani sita, mpishi kaamua asubuhi kulingana na alicholetewa. Ina bustani yake nyuma ya jengo. Ya pili ina ubao ukutani wenye vyakula kama kumi, unachagua, na chini wameandika majina ya mashamba wanakonunua. Zote mbili zina vyumba vya kulala. Bei hazipishani sana.

Niende ipi? Nataka kuweka nafasi kabla ya Ijumaa.

Bi_Mkubwa_Jikoni
Mwanangu, mbona umeyaficha yote ya maana? Mko wangapi? Wazee wana umri gani? Kuna asiyekula kitu fulani, iwe kwa amri ya daktari au kwa ukaidi tu? Mnalala au mnarudi usiku huohuo? Na ni mwezi gani? Mtu anauliza chakula cha msimu halafu msimu wenyewe hautaji!

Fundi_Saa
Na uko upande gani wa dunia.

Tumbo_Halina_Siri
Ya kwanza, hakuna mjadala. Ukienda nyumba ya namna hiyo halafu ukataka kuchagua, ni sawa na kwenda kwa shangazi ukamuomba orodha. Unapewa, unakula, unashukuru. Ile Inn at Little Washington kule Virginia ilianza 1978 ndani ya gereji ya zamani, kijiji kidogo kabisa, na watu walifunga safari kwenda kula chakula cha mpishi wake. Mwamini mpishi.

Kijana_wa_Mwisho
Samahani wakuu, niliandika kwa haraka. Tuko kaskazini, nchi ya misimu minne. Tutakuwa saba. Baba ana miaka 71, mama 66. Baba hagusi uyoga, anasema yeye hali kuvu. Ni wiki ya kwanza ya mwezi wa 4. Nimechagua majira ya kuchipua kwa makusudi, wakute mboga changa. Kulala bado hatujaamua.

Mpishi_Zamu_ya_Usiku
Kijana, umeangukia wiki mbaya kuliko zote, na si wewe peke yako, watu wengi hawajui. Wakulima wa Uingereza wana jina la kipindi hicho, wanakiita pengo la njaa. Viazi na karoti za ghalani zimeanza kuota au zimelegea, kabichi zilizovumilia baridi zinatoa maua, na mbegu za mwaka huu ndiyo kwanza zinachungulia. Nje kila mti umechanua, jikoni tunakwangua chini ya pipa.

Hata mwanakondoo wa Pasaka. Watu humla wakiamini amekulia kwenye majani mapya wanayoyaona dirishani. Yule alizaliwa katikati ya baridi akalelewa bandani. Aliyezaliwa wiki hii bado ananyonya.

Kilichopo kweli ni mabua ya rubarbi, vitunguu saumu mwitu, na yale majani ya porini yanayowasha, ambayo ukiyachemsha huacha kuwasha. Mayai yanarudi kwa wingi, maana kuku hutaga kwa kufuata urefu wa mchana. Asparaga ya nje utaisubiri hadi mwezi unakaribia kuisha.

Kwa hiyo ubao wenye vyakula kumi mwezi wa 4 unatoka ama kwenye friza ama kwenye lori. Si dhambi, ila usilipie hadithi. Na ile ya sahani sita nayo, bustani ya nyuma usiihesabu, wakati huo ni udongo mtupu. Uliza wamehifadhi nini. Mkahawa wa Fäviken kule Uswidi, kabla hawajafunga mwisho wa 2019, walipita baridi nzima kwa vilivyofukiwa ghalani, vilivyokaushwa na vilivyotiwa chumvi, na watu walipanda ndege kuvifuata.

Mgeni_Njoo
Ngoja niwape yangu, maana nikiona "hakuna cha kuchagua" tumbo linajikunja lenyewe.

Miaka mitatu iliyopita, mwezi wa 2, nilimpeleka mke wangu kwenye nyumba kama hiyo. Sitaitaja. Mke wangu ana mzio wa seleri, midomo inavimba. Nilisema siku ya kuweka nafasi, nikaandikiwa "tumepokea". Tukaendesha saa mbili na nusu kwenye mvua.

Sahani ya kwanza inakuja, kikombe kidogo cha supu nyeupe. Kijana wa mezani anaanza kusimulia: mkulima wetu, udongo wetu, jinsi anavyoamka alfajiri. Dakika tatu nzima, mshumaa unayeyuka. Mwishoni kabisa ndiyo anasema, "na huu ni mzizi wa seleri". Mke wangu alikuwa ameshaingiza kijiko kwenye supu. Akakirudisha.

Nikauliza kuhusu ule ujumbe. Ujumbe ulikuwa mapokezi, jikoni haukufika. Sawa, binadamu hukosea, basi tupeni kingine. Hapo ndipo nilipoelewa mwezi wa 2 ni nini. Mzizi wa seleri ndio waliokuwa nao ghalani, basi umo kwenye mchuzi, umo chini ya nyama, umo kwenye ile supu ya mifupa wanayopikia kila kitu. Hakukuwa na kingine! Mke wangu aliletewa viazi vinne vya kuchemsha, siagi, na tufaha la kuokwa. Mimi nikala sahani zote kwa aibu huku ananitazama.

Usiku saa tano tulikula biskuti za gari, zile za watoto. Asubuhi mwenye nyumba alikuja mwenyewe akaomba radhi, kwa kweli mtu muungwana, akatupa mtungi wa achari wa kwenda nao nyumbani. Tukausoma kibandiko. Seleri.

Bi_Mkubwa_Jikoni
Pole baba. Lakini hicho kibandiko umeniua.

Tumbo_Halina_Siri
Mkuu Mgeni_Njoo, pole, ila kosa ni la mapokezi, siyo la menyu moja. Hata yenye ubao wangetumia supu ya mifupa ileile.

Mgeni_Njoo
Yenye ubao ningesema "nipe omleti". Pale omleti haikuwepo.

Fundi_Saa
Mimi nina swali lingine. "Vya jirani" maana yake nini hasa? Kahawa wanaitoa wapi? Pilipili manga je? Na watu wanadhani ukila cha jirani umeokoa dunia. Kuna utafiti wa 2008 wa Weber na Matthews wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon: kwa kaya za Marekani, usafiri wote kwa jumla ulikuwa takribani asilimia 11 ya hewa chafu inayotokana na chakula, na ile safari ya mwisho, kutoka kwa mzalishaji hadi dukani, ni kama asilimia 4. Sehemu kubwa ni uzalishaji wenyewe, hasa nyama nyekundu na maziwa. Saba nyie mkila kondoo wa jirani, hesabu mnaijua. Bado sijaongeza magari mawili ya kuwafikisha huko.

Bi_Mkubwa_Jikoni
Mwanangu Fundi, kuna aliyetaja dunia hapa? Watu wanasherehekea ndoa. Mimi cha jirani nakitaka kwa sababu ya ladha. Mahindi mabichi ya zile aina za asili yakishavunwa, sukari inageuka wanga, ukiyala jioni si yale ya asubuhi. Hilo halihitaji asilimia.

Fundi_Saa
Mwezi wa 4 mahindi mabichi yatatoka wapi, mama?

Bi_Mkubwa_Jikoni
Nimetoa mfano! Ukaidi tu.

Mpishi_Zamu_ya_Usiku
Wote mko sawa, mnatupotezea muda. Kijana, piga simu zote mbili uulize swali moja: wiki iliyopita mliishiwa nini? Jikoni inayonunua kwa majirani huishiwa. Mvuvi hakutoka, mwenye mayai kaumwa, mvua imeharibu saladi. Wakikujibu bila kufikiri, hapo kuna watu wanaojua chakula chao. Wakikwambia "hatuishiwi kitu", wana lori zuri. Halafu la pili, omba kuzungumza na jikoni kuhusu uyoga wa mzee, siyo na mapokezi. Somo limeshatolewa hapo juu.

Kijana_wa_Mwisho
Nimepiga. Ya menyu moja simu kaipokea mwenyewe mpishi, mikono yake imelowa, nasikia maji. Akasema Jumamosi waliishiwa maziwa ya mbuzi kwa sababu mbuzi wawili walikuwa wanazaa, akabadilisha kitindamlo saa kumi jioni. Kuhusu uyoga akacheka, akasema baba ataletewa sahani yake.

Ya ubao wamesema watanipigia. Hawajapiga. Dada yangu lakini anaitaka hiyohiyo, anasema mama hawezi kukaa saa tatu mezani akisubiri sahani sita, mgongo.

Kingine: ya kwanza asubuhi wanawachukua wageni msituni kuchuma vitunguu saumu mwitu. Mama kafurahi kuliko chakula chenyewe. Anataka kuja na mfuko wake.

Tumbo_Halina_Siri
Basi imekwisha. Nilisema mimi.

Mgeni_Njoo
Mgongo wa mama hujausikia, wewe.

Fundi_Saa
Huo mfuko mchunge. Kuna ua la yungiyungi la bondeni, majani yake yanafanana sana na hayo, na ni sumu ya moyo. Linaota msitu uleule.

Bi_Mkubwa_Jikoni
Si unanusa tu? Lenye harufu ya saumu ndilo lenyewe.

Mpishi_Zamu_ya_Usiku
Hapana dada, hapo ndipo watu wanapoumia. Ukishachuma majani kumi, vidole vyako vyote vinanuka saumu, la kumi na moja utanusa vidole vyako. Unatazama shina. La saumu kila jani hutoka ardhini na kikonyo chake, lile lingine majani mawili hutoka kwenye shina moja, moja limelikumbatia jingine. Na huchumi kwa kukumbatia mafungu kama unavuna majani ya ng'ombe, unachuma moja moja.

Kijana_wa_Mwisho
Mama anachuma kwa mafungu. Kila kitu. Nitamsimamia vipi?

Mgeni_Njoo
Beba biskuti.