MREJESHO: Mzee kusahausahau baada ya upasuaji wa moyo

Wakuu, nilikuja hapa kuuliza kuhusu mzee wangu kuchanganya mambo tangu abadilishiwe valvu ya moyo. Asanteni sana jamani. Aliyesema tumuulize daktari kuhusu vile vidonge vya usingizi Mungu ambariki, tulienda akavisitisha na zile usiku za kuita watu waliokufa zimeisha. Kidaftari cha dawa nacho kimesaidia, anatiki mwenyewe akishameza wafarini (dawa ya kuzuia damu isigande) maana ile ukirudia dozi si mchezo, unaweza kuvuja damu. Jioni anatembea mpaka msikitini na kurudi. Ila bao limegoma, hesabu ya kete inampotea katikati anakasirika anaondoka, na dukani chenji bado anahesabu mama. Daktari kasema wengi hukaa sawa taratibu ndani ya miezi, kliniki ijayo ntauliza habari ya kuendesha gari.