Steshenari Kariakoo mnatuuzia manila ya gramu 180 kwa bei ya gramu 300. Nimepima!

Wakuu, nisameheni kwa urefu wa uzi, lakini leo nimefika mwisho. Kama una duka la steshenari Kariakoo na unasoma hapa, soma mpaka chini. Jina la duka silitaji, maana nimewauliza wenzangu wa kazi hii na kila mmoja ana duka lake lililomfanyia mchezo huu huu.

Natengeneza nyumba za wanasesere. Ni kazi ya jioni nikitoka ofisini, na ndiyo inayomlipia mdogo wangu ada. Vipimo vyangu ni 1:12, yaani sentimita 12 za kwenye nyumba ya kweli zinakuwa sentimita moja kwenye meza yangu.

Mwezi uliopita alikuja dada mmoja na picha iliyofifia ya duka la marehemu baba yake, Singida. Mwanae anatimiza miaka 7 Jumamosi hii, na anataka nyumba ya mtoto iwe na duka la babu kwa mbele. Dirisha la nondo, mizani, debe la mafuta ya taa, na juu ya mlango kile kibao chenyewe: ubao wa bluu, herufi nyeupe zilizochorwa kwa mkono, kila herufi na kivuli chekundu upande wa kulia. MALI BILA DAFTARI HUPOTEA BILA HABARI. Akaniambia, "Fundi, vingine ukikosea nitavumilia. Kibao naomba usikosee, baba alikichora mwenyewe."

Kibao cha mita 1.2 kwa sentimita 30 kwangu kinakuwa sentimita 10 kwa 2.5. Herufi za mistari miwili, kila moja ina kimo cha milimita 7. Na unene lazima uwe milimita 2, la sivyo mtu anaona karatasi, haoni ubao.

Sasa hapa ndipo gramu zinapoingia. Gramu zinazoandikwa kwenye pakiti ni uzito wa karatasi ile ikiwa na ukubwa wa mita moja ya mraba. Kadi ya gramu 300 ina unene wa kama milimita 0.4, kwa hiyo ukigandisha tabaka tano unapata milimita 2. Ndiyo maana nilinunua hiyo, pakiti ya karatasi 50, shilingi 35,000. Pakiti imeandikwa A4, 300. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, nayo imeandikwa 300.

Nikakata tabaka tano kwa wembe, nikagandisha kwa gundi nyeupe, nikakandamiza chini ya kamusi usiku kucha. Asubuhi napima, milimita 1.2. Mnajua nilifanya nini? Nilijilaumu. Nikadhani nimekandamiza sana, au gundi nimeweka kidogo. Nikaendelea hivyo hivyo kwa sababu siku zilikuwa zinakwisha. Hilo ndilo linaloniuma kuliko hela, kwamba mtu ameniibia na mimi nikakaa naona kosa ni la mkono wangu.

Na hatua sikuruka hata moja. Akriliki ni rangi ya maji, na maji yakiingia kwenye karatasi nyuzi zinavimba upande ule uliolowa, kisha zikikauka zinavuta. Kadi nene inahimili, nyembamba inafuata rangi. Kwa hiyo nilitanguliza vanishi pande zote mbili. Nikapaka bluu mbele na nyuma, mkono wa kwanza, mkono wa pili, nikiacha kila mkono ukauke kabisa. Nyuzi nilizilaza kufuata urefu wa kibao ili ncha zisinyanyuke. Herufi zilinichukua usiku mbili kwa brashi namba 000, ile nyembamba sana, kiwiko mezani, pumzi nimebana. Vivuli vyekundu peke yake vilinikesha mpaka saa saba.

Leo Alhamisi asubuhi nafunua kitambaa, kibao kimejikunja kama mfereji wa bati. Ukingo wa juu na wa chini umekuja mbele, katikati pamezama. Na pale katikati ya mistari miwili rangi imepasuka, ufa mwembamba kama unywele, umeanzia chini ya D ya DAFTARI umetambaa mpaka kwenye I ya mwisho. Nilikaa chini.

Hapo ndipo akili ilinijia nipime. Na hili naomba kila anayenunua karatasi alishike, kwa sababu halihitaji mtaalamu. Karatasi 16 za A4 ukizipanga zinatimia mita moja ya mraba kamili, ndivyo saizi za A zilivyopangwa. Kwa hiyo weka karatasi 16 kwenye mzani wa jikoni, namba inayotoka ndiyo gramu zako. Kama ni 300 kweli, mzani utasoma 300. Wangu umesoma 178. Nikatoa nyingine 16 kwenye pakiti ile ile, 179. Nikaujaribu mzani kwa pakiti ya sukari ya nusu kilo, uko sawa. Ile ni manila ya gramu 180, ile ile wanafunzi wanachorea ramani, imevalishwa karatasi ya nje iliyoandikwa 300 na kuuzwa kwa bei ya 300.

Mchana nikaomba ruhusa kazini, nikapanda daladala mpaka Kariakoo na pakiti mkononi. Kijana wa kaunta ananijibu, "Dada, hiyo ndiyo 300 ya sasa." Ya sasa! Gramu ina ya zamani na ya sasa? Nikamwomba tupime pale pale, akakataa. Akanionyesha tangazo ukutani, bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Bosi wake akatoka ndani, hata pakiti hakuigusa, akasema wenye kadi za harusi wanachukua hiyo hiyo kila wiki na hawajawahi kulalamika, "na wewe ni vya kuchezea watoto tu."

Mwenye kadi za harusi atalalamikaje? Yeye anachapa kwa mashine, anakunja mara moja, kadi inasomwa na kuwekwa kabatini. Hailoweshi kwa rangi, haijengi unene kwa tabaka. Na hilo la vya kuchezea watoto nimelichoka. Nyumba ya wanasesere ya Malkia Mary wa Uingereza, iliyokamilika mwaka 1924 na mpaka leo iko Windsor, imejengwa kwa kipimo hiki hiki cha 1:12, ina umeme na maji ya bomba yanayotoka. Aliyeisanifu ni Edwin Lutyens, msanifu majengo mkubwa wa wakati wake. Hawakuitazama kama mchezo. Na hata ingekuwa mchezo, mtoto wa miaka 7 hana haki ya kupata kitu kilichonyooka?

Najua wapo watakaoniambia nitumie rangi ya mafuta, haina maji. Ni kweli, mchoraji wetu mzee Tingatinga alipaka rangi ya baiskeli na haikumsumbua, lakini yeye alipaka juu ya ubao mgumu, na hakuwa anaandika herufi za milimita 7 zenye kivuli. Rangi ile ni nzito, kwa saizi hii inajaza tundu la A na la B. Plaiwudi nayo nimeshajaribu. Nyuzi za mbao hazipungui kwa kipimo, kibao kidogo kinaonekana kimekatwa kwenye gogo la mbuyu.

Msinipe njia za kuishi na karatasi mbovu. Nataka iliyoandikwa 300 iwe 300. Kama ni 180 iandikwe 180, nitainunua nikijua na nitagandisha tabaka nane. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumdanganya mteja kuhusu bidhaa, na malalamiko yanapokelewa na FCC, yaani Tume ya Ushindani. Barua nimeshaanza kuiandika. Aliyewahi kupeleka lalamiko kule aniambie aliambatanisha nini, na mwenye pakiti ya 300 nyumbani apime karatasi zake 16 aweke namba hapa, tuone ni wangapi.

Nimeshakata tabaka nane za manila hiyo hiyo, maana Jumamosi haisubiri, na usiku huu naanza bluu upya. Zimebaki karatasi 47, risiti ninayo, na kibao kilichopasuka nimekifunga kwenye mfuko. Jumatatu saa nne nitakuwa mbele ya kaunta ile, na mzani nitakwenda nao.