Eti "lipa tu yaishe": nilipe mwendo wa gari la mtu mwingine?

Wakuu, leo nina hasira, mnivumilie.

Nimeletewa notisi ya faini ya mwendo kasi. Picha ipo. Ndani ya picha kuna magari mawili: langu, na jingine linanipita, pua yake imeshatangulia mbele ya taa zangu. Namba iliyozungushiwa duara ni yangu. Sehemu ya kujaza gari lilikuwa njia ipi wameiacha tupu. Nikapiga simu kuuliza tochi (kifaa cha kupima mwendo wa magari) ilisoma gari lipi kati ya haya mawili. Jibu: "Lipa mapema, kuna punguzo." Mimi niliuliza bei?

Hapo ndipo ninapochefukwa. Ukilipa, sehemu nyingi hesabu yake ni kwamba umekiri kosa. Faili linafungwa, pointi za makosa zinaingia kwenye leseni pale zinapotumika, na watu wa bima wanapata kisingizio cha kukupandishia. Ukikana kosa, punguzo limekwenda, unaomba ruhusa kazini, unafika mahakamani, shahidi hayupo, inapigwa tarehe nyingine. Ukikaa kimya ndiyo balaa kabisa: faini inaongezeka, na kuna nchi unahukumiwa bila kuwepo au leseni inasimamishwa. Kwa hiyo mwenye kosa na asiye na kosa wote wanaishia dirisha lile lile la malipo, tofauti yao ni kwamba mmoja analipa huku anatukana kimoyomoyo.

Kuna jamaa kanishauri niseme tochi ilipigwa kwa pembe mbaya. Tafadhali! Rada, yaani tochi ya mawimbi ya redio, ikilipiga kwa pembe gari linalokwenda, inasoma mwendo mdogo kuliko halisi. Pembe inambeba dereva. Peleka hoja hiyo kwa hakimu uone unavyojichongea.

Hoja yangu ni nyingine. Mwale wa rada unatanuka kadiri unavyokwenda mbali, na ukifika mita 300 umeshafunika barabara nzima, magari yote yamo. Wa leza, yaani tochi ya mwanga, ni mwembamba, kwa umbali huo huo upana wake ni kama mita moja, kwa hiyo anayelenga vizuri anaweza kuchagua gari moja. Sasa notisi yangu haisemi hata kama kifaa kilikuwa rada au leza! Ninachotaka ni aina ya kifaa, cheti cha mara ya mwisho kilipopimwa usahihi, na picha nzima isiyokatwa kingo. Anayedai nimevunja sheria ndiye athibitishe, si mimi nithibitishe kwamba sikuvunja.

Wakili nimeulizia. Ada yake inaizidi faini. Ingekuwa naendesha basi au lori kwa ajira, na pointi chache tu zinaweza kunitoa barabarani, ningemlipa bila kufikiria mara mbili. Njia nyingine ni kuzungumza na upande wa mashtaka wakubadilishie kosa liwe dogo zaidi, jambo ambalo baadhi ya nchi linaruhusiwa. Nimeikataa. Bado ni kukiri, tena safari hii nakiri kosa ambalo hata wao hawakuniandikia.

Wenzetu wana nafuu. California, kule Marekani, kesi ndogo za namna hii unaweza kuziendesha kwa maandishi bila kukanyaga mahakamani, na ukishindwa unaomba isikilizwe upya, ingawa kwa kawaida wanataka uweke kwanza dhamana sawa na faini. Uingereza, kamera ikikunasa, notisi ya kwanza inatakiwa imfikie mmiliki aliyesajiliwa ndani ya siku 14, vinginevyo kwa kawaida kesi ya mwendo kasi haisimami. Yaani huko saa inamhesabia hata mtozaji. Kwangu mimi inanihesabia mimi peke yangu, na wao wakijibu barua baada ya muda wangu kuisha, shauri yangu.

Silipi. Napeleka pingamizi kwa maandishi kabla ya siku ya mwisho, nakala moja nagongewa muhuri wa kupokelewa nabaki nayo. Wale wa "yaishe" mkae pembeni kwenye uzi huu. Nawauliza waliowahi kukana kosa la tochi: kumbukumbu za kifaa mlipewa mapema mkazisoma, au mlizionea mbele ya hakimu siku ya kesi? Na zikikosekana, mliomba shauri lifutwe au mliomba tarehe nyingine?